Uokoaji wa Data: Utangulizi kwa Wanafunzi na Mafundi wa Goma

Uokoaji wa data ni taaluma ya kurudisha maandishi, picha, sauti na hesabu zilizobaki ndani ya chombo ambacho hakisomeki tena kwa njia ya kawaida. Chombo hicho kinaweza kuwa diski ngumu ya kompyuta, flashi, kadi ya kamera au simu. Utangulizi huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuingia katika taaluma hiyo akiwa hapa Goma: mwanafunzi wa vyuo vya ISIG au ULPGL, fundi mwenye meza yake katika mtaa wa Birere, mtunza nyaraka wa hospitali au wa parokia, na yeyote ambaye ndugu na majirani humletea mashine iliyokwama wakimwomba afanye linalowezekana. Huhitaji shahada ili uanze. Unahitaji mkono uliotulia, daftari, kalamu, na uwezo wa kujizuia.

Nimetaja kujizuia kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo hoja yangu kuu. Diski inapogoma, mara nyingi data zenyewe bado zipo. Kilichopotea ni njia ya kuzifikia. Data hufa baadaye, mikononi mwa mtu aliyekuja kuziokoa: aliyeiwasha diski tena na tena akitumaini itaamka, aliyekubali kompyuta ilipomwuliza kama ifomati, aliyefungua kifuniko kwa bisibisi ili atazame tu. Atakayelishika jambo hili moja atakuwa ameokoa kazi nyingi za watu kabla hajajifunza programu hata moja.

Mji wetu na diski zake

Goma ina sababu zake za kuihitaji elimu hii. Ya kwanza ni umeme. Ukikatika ghafla, kompyuta ya mezani huzimika katikati ya kuandika, na orodha ya faili hubaki nusu ya zamani, nusu mpya. Ukirudi kwa kishindo, au jenereta ikipandisha volteji, bodi ya diski huweza kuungua. Kituo cha Matebe, chenye megawati 13 hivi, kilichojengwa Rutshuru na Hifadhi ya Taifa ya Virunga na kuzinduliwa mwaka 2015, kiliwapa wengi nafuu. Lakini nyaya zake hupita katika nchi yenye vita, na zikiguswa tunarudi kwenye jenereta na betri.

Ya pili ni mlima. Nyiragongo ililipuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kuliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwaka 2021 ilisimama kabla ya kufika katikati ya mji, lakini tarehe 27 Mei amri ya kuhama ikatolewa kwa mitaa kumi, na watu wakaondoka haraka kuelekea Sake, Rutshuru na Gisenyi. Katika safari kama hiyo diski hubanwa ndani ya begi juu ya pikipiki, huanguka, hunyeshewa, na wiki moja baadaye huchomekwa kwenye kompyuta bila kukaguliwa.

Ya tatu ni vita. Mapigano yalipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, umeme na mawasiliano vilikatika, na uwanja wa ndege ukafungwa. Aliyekuwa na nakala zake zote kwenye mtandao hakuweza kuzifikia, na aliyekuwa na zake zote ndani ya ofisi moja aliiacha ofisi.

Ndani ya diski hizo kuna nini? Kuna TFC, kazi ya mwisho ya masomo, ya mwanafunzi anayesubiri kuitetea. Kuna video ya harusi ambayo mpiga picha hana nakala yake nyingine. Kuna orodha za wagonjwa, daftari za ubatizo, hati za viwanja, hesabu za ushirika wa akina mama wa sokoni. Kuna vipimo vya mitetemo ya ardhi vinavyokusanywa na kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG. Vipimo vya namna hiyo vina thamani ya pekee, kwa sababu mlima hauwezi kuombwa urudie mtetemo wa jana. Mtafiti anayetaka kujua ulitikisikaje kabla ya kulipuka hana njia nyingine ila kumbukumbu iliyohifadhiwa.

Ndani ya kifuniko

Mwokoaji lazima ajue anachokiokoa. Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitoka kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha sentimita 60 hivi, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5, ambazo leo hazizidi picha moja ya simu. Mwaka 1973 IBM ikaleta muundo wa kuziba sahani na vichwa vyake pamoja ndani ya kasha moja, na muundo huo ndio mzazi wa diski tunazozishika leo. Mwaka 1988 Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani waligundua, kila mmoja kwa upande wake, jinsi matabaka membamba ya metali yanavyobadili ukinzani wake wa umeme yakiwa karibu na sumaku. Ugunduzi huo uliwezesha kutengeneza vichwa vinavyosoma alama ndogo mno, na ukawapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2007.

Sahani ni ya alumini au ya kioo, na imepakwa tabaka jembamba la sumaku. Katika diski nyingi za nyumbani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa kinachosoma hakiigusi. Huelea juu ya hewa inayovutwa na mzunguko, kwenye kimo cha nanomita chache. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 70,000 hivi. Sasa fikiria vumbi jeusi la Goma, linalotokana na mawe ya volkano, ambalo kila asubuhi tunalifuta mezani na jioni limerudi. Chembe yake ya maikromita moja haionekani kwa macho, lakini ni nanomita 1,000, mara mia na zaidi ya kimo cha kichwa. Diski iliyofunguliwa kwenye meza ya karakana na kuwashwa tena inasagwa na chembe hizo. Ndiyo maana kazi ya kubadilisha vichwa hufanyika ndani ya chumba chenye hewa iliyochujwa.

Diski nyingi zina tundu dogo lenye chujio ili hewa ya ndani ilingane na ya nje. Usilizibe kwa gundi wala kwa lebo. Kwa kuwa kichwa kinabebwa na hewa, watengenezaji wengi huweka kikomo cha kimo cha kufanyia kazi, nacho kwa kawaida ni mita 3,048. Goma, kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, iko salama. Ukingo wa kreta ya Nyiragongo uko karibu mita 3,470. Mtafiti anayepanda na kompyuta yenye diski ya mota asiiwashe kule juu, au achukue yenye diski isiyo na mota (SSD).

Kuna jambo lingine linalostahili kujulikana katika mji wa umeme wa kukatika. Umeme ukitoweka, sahani huendelea kuzunguka kwa muda mfupi kwa kasi iliyobaki, na mota yake huzalisha umeme kidogo unaotosha kuvirudisha vichwa mahali pake pa kupumzikia. Kwa hiyo kukatika kwa umeme peke yake ni nadra kukwaruza sahani. Kinachokwaruza ni kuanguka au kugongwa wakati diski inazunguka.

Hitilafu na dalili zake

Kwa kuanza, tuzigawe hitilafu katika makundi manne. Kazi ya kwanza ya mwokoaji ni kutambua yuko katika kundi lipi, kabla hajagusa kitu.

Kundi la kwanza ni hitilafu za mpangilio. Chombo ni kizima, lakini orodha ya faili imevurugika au faili zimefutwa. Katika flashi yenye mfumo wa FAT32, faili ikifutwa, herufi ya kwanza ya jina lake hubadilishwa alama na mnyororo unaoonyesha sehemu zake huondolewa. Yaliyomo hubaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo usihifadhi chochote kwenye chombo hicho, hata programu ya uokoaji yenyewe. Katika kundi hili weka pia kirusi kinachojulikana sana katika vibanda vyetu vya fotokopi, kile kinachogeuza folda zote za flashi kuwa njia za mkato. Mwenye flashi hudhani kazi yake imeliwa, akaifomati. Faili zake zilikuwa zimefichwa tu, na amri moja ya kuondoa alama ya kuficha ingezirudisha zote.

Kundi la pili ni hitilafu za umeme. Diski imenyamaza kabisa: haitetemeki, hailii, haipati joto. Chukua diski ya kompyuta ya mezani yenye hali hiyo uigeuze. Karibu na mahali umeme unapoingilia utaona vipande viwili vidogo vyeusi. Ni diodi za ulinzi, moja ya volti 5 na nyingine ya volti 12. Volteji ikizidi, diodi huupitisha umeme wote kwake ili sehemu nyingine zipone, na mara nyingi yenyewe hufa ikiwa imeunganisha pande zake mbili. Tangu hapo kila umeme unaoingia unakuwa shoti. Pima kwa mita: ikisoma karibu na omu sifuri, umeipata sababu. Fundi mwenye mkono mzuri huiondoa diodi hiyo, huiwasha diski kwa umeme ulio thabiti, na huchukua nakala papo hapo, maana sasa diski haina kinga. Bodi ikiwa imeungua zaidi ya hapo, usikimbilie kuweka bodi ya diski nyingine ya mfano uleule. Katika diski za kisasa bodi hubeba chipu yenye vipimo vya diski ile peke yake, vilivyowekwa kiwandani. Chipu hiyo lazima ihamishiwe kwenye bodi mpya, la sivyo vichwa vitasoma kama vipofu.

Kundi la tatu ni sahani kuchakaa. Diski inazunguka na kutambulika, lakini kompyuta inakwama ikifika mahali fulani, folda inachukua dakika nyingi kufunguka, na ripoti ya afya ya diski, inayoitwa SMART, inaonyesha sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya sahani visivyosomeka, zikiongezeka. Hapa data zinaokolewa kwa wingi, na hapa pia zinapotezwa kwa wingi, kwa sababu diski bado inaonekana kutumika na mwenyewe huendelea kuitumia.

Kundi la nne ni hitilafu za mitambo. Tumia sikio. Sauti ya kugonga inayojirudia, tak, tak, tak, inaashiria vichwa visivyoweza kusoma. Mlio mwembamba bila kuzunguka unaashiria mota iliyokwama au vichwa vilivyonata kwenye sahani. Sauti ya kukwaruza ni mbaya kuliko zote. Ukisikia mojawapo, zima na usiwashe tena. Usiigonge diski, wala usiiweke kwenye friji ya barafu kama wengine wanavyoshauri. Ukungu wa maji utakaotanda juu ya sahani utamaliza kilichobaki. Kazi hiyo ipelekwe kwa wenye chumba safi na diski za vipuri, kwa mfano Nairobi, na mwenyewe aelezwe gharama kabla ya kukubali.

Nakala kwanza

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kanuni yake haina mjadala: usifanyie kazi diski iliyoharibika, chukua nakala yake nzima, sekta kwa sekta, kisha ufanyie kazi nakala. Programu inayofaa ni GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz. Inapatikana bure na inatumika kwenye Linux, ambayo unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski ya mteja.

Ddrescue hufanya kazi kama mvunaji wa maharage anayejua mvua iko karibu. Kwanza hupita shamba zima akichukua yanayovunika kwa urahisi, na penye miiba anaruka. Akishajaza gunia ndipo anaporudi kwenye vichaka, kimoja baada ya kingine. Programu hiyo husoma kwanza maeneo mazima kwa vipande vikubwa, huruka penye makosa, kisha hurudi kusogelea kingo za maeneo mabovu, na mwisho hujaribu sekta mojamoja. Ukifanya kinyume, ukaanza kuing'ang'ania sekta ya kwanza mbovu, vichwa vinaweza kufa hapo hapo na kukunyima sehemu kubwa iliyokuwa nzima.

Uzuri wake kwa mtu wa Goma uko kwenye faili ndogo inayoitwa ramani. Ndani yake programu huandika kila eneo na hali yake: alama ya kujumlisha kwa lililookolewa, alama ya kuuliza kwa lisilojaribiwa, alama ya kutoa kwa lililoshindikana. Umeme ukikatika usiku, asubuhi unaiendesha tena kwa amri ileile na ramani ileile, nayo inaendelea karibu na ilipoishia. Hifadhi ramani hiyo kwenye chombo kizima, kamwe si kwenye diski unayoiokoa.

Nakala ikikamilika, ndipo uhuru wa kujaribu unapoanza. TestDisk, ya Christophe Grenier, hutafuta sehemu za diski zilizopotea na kurekebisha orodha zake. PhotoRec, ya mwandishi huyohuyo, haitegemei orodha kabisa. Husoma yaliyomo na kutambua faili kwa mwanzo wake. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, na hati ya PDF huanza na herufi zinazotaja jina lake. Kwa njia hiyo picha za harusi hurudi hata kama orodha nzima imeteketea, ingawa hurudi bila majina na bila folda zake. Mwambie mwenyewe mapema, ili asishangae kukuta maelfu ya picha zenye namba tupu.

Mipaka ya kazi

Mwanafunzi ajue yanayowezekana na yasiyowezekana. Chombo cha angani Columbia kiliposambaratika tarehe 1 Februari 2003, diski moja ya megabaiti 400 iliyokuwa ndani yake iliokotwa ikiwa imeungua na kuyeyuka sehemu zake za nje. Wahandisi wa Kroll Ontrack kule Minneapolis walizisafisha sahani, wakazihamishia kwenye kasha jingine, na wakarudisha karibu asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio la gesi ya xenoni yaliyokuwa ndani yake yakachapishwa mwaka 2008. Walisaidiwa na jambo dogo: kompyuta ile ilitumia mfumo wa DOS, ambao haukuzitawanya data huku na huko, na diski ilikuwa imejaa nusu tu.

Lava yetu ni habari nyingine. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na lava ya Nyiragongo hupita nyuzi 1,000. Diski iliyomezwa nayo imekwisha. Vivyo hivyo, data ambazo juu yake pameandikwa kitu kingine hazirudi, hata kwa vifaa vya bei kubwa. Diski zisizo na mota zinatuwekea mpaka mwingine: nyingi hupokea amri ya kusafisha mara faili inapofutwa, na baada ya muda mfupi hujibu sifuri tupu. Hapo ushauri ni kuzima mara moja. Simu za kisasa nazo huhifadhi data zikiwa zimefungwa kwa msimbo wa siri. Bila nywila ya mwenyewe, chipu ikitolewa haisomeki. Kumwambia mteja ukweli huu siku ya kwanza ni sehemu ya ufundi.

Siri za watu

Nimeacha jambo zito mwisho. Mwokoaji wa data huona kila kitu. Katika mkoa wetu, diski moja inaweza kubeba ushuhuda wa mwanamke aliyebakwa, majina ya mashahidi, orodha ya wakimbizi na mahali walikolala. Majina hayo yakivuja, mtu anaweza kuuawa. Kanuni ya Dijitali ya Kongo, amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data binafsi. Lakini hata kama isingekuwepo, wajibu ungebaki uleule.

Kwa hiyo andikiana na mwenye diski kabla ya kuanza: ni ya nani, unatafuta faili zipi, utalipwa nini ukifaulu na nini ukishindwa. Akija mtu na diski asiyoweza kueleza ameipataje, mrudishie. Fungua faili chache tu, za kutosha kuthibitisha kwamba zimepona. Usihamishe chochote kwenye simu yako. Ukishakabidhi, futa nakala zako mbele yake. Na usishike data za mtu kama rehani ili umwongezee bei. Fundi wa namna hiyo anaichafua taaluma nzima.

Pa kuanzia

Tafuta flashi kuukuu na diski zilizotupwa. Weka picha zako humo, zifute, zirudishe. Fomati, urudishe tena. Chukua nakala kwa ddrescue na ukate umeme katikati makusudi, uone ramani inavyofanya kazi. Fungua diski iliyokufa kabisa ujionee sahani, vichwa na chujio, ukijua haitawashwa tena. Andika kila hatua kwenye daftari, pamoja na namba ya diski, sauti uliyoisikia na ulichoamua. Baada ya hapo ndipo upokee diski ya mtu.

Na wewe ambaye si fundi, uliyesoma mpaka hapa kwa sababu una TFC, picha za marehemu mama au hesabu za duka ndani ya mashine moja, chukua nakala leo. Iwe mbili, kwenye vyombo tofauti, na moja ikae nje ya Goma kwa mtu unayemwamini. Diski yako siku moja itakufa, kama zinavyokufa zote.